Mji Uliojifunza Kufunga Mlango

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hapo zamani, zamani ya baridi wala si ya jua, palikuwa na mji juu ya milima ukiitwa Ihanzila. Mwezi wa baridi ulipofika huko, umande uliganda juu ya majani, na maji ya mtungini yalifanya utando mgumu ambao ilibidi uugonge kwa kata ndipo unywe. Watu wa Ihanzila walikuwa wakarimu kupita kiasi. Ukarimu huo ndio uliowaponza, nanyi msicheke kabla hamjasikia.

Nyumba zao zilikuwa na milango mipana isiyo na ubao wa kufungia. Moto uliwaka katikati ya nyumba tangu alfajiri, mlango ukiwa wazi, na yeyote aliyepita njiani aliingia, akaota moto, akapewa uji, akaenda zake. Neno hodi hawakuwa nalo, maana utambishia nani hodi na mwenyewe anakutazama? Mlango ulizibwa kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Mtu akifariki, wafiwa waliegemeza mkeka mzito mlangoni, na kila aliyeuona alitua mzigo wake akaenda kulia nao. Na mfiwa hakuvuka kizingiti mpaka jirani aje amshike mkono amtoe nje. Hiyo ndiyo ilikuwa mila.

Basi mlango wazi, moto unawaka, baridi inaingia. Wanaongeza kuni, moto unawaka, baridi inaingia. Wanaongeza tena. Nyumba moja ilikula mizigo minne ya kuni kwa juma, na milima ya Ihanzila ilikuwa imebaki vipara tangu enzi za babu zao. Kuni zilitoka ng'ambo ya mto, kwenye msitu wa Unyilo, zikivushwa na wapagazi kwenye daraja la kamba. Hakuna aliyeona ubaya. Ukiuliza, waliitikia neno moja: "Kuni zipo."

Katika mji huo alikuwapo mwanamke mwashi, jina lake Tusekile. Mikono yake ilikuwa migumu kwa udongo na ulimi wake ulikuwa mgumu zaidi. Siku moja alibomoa nyumba yake mwenyewe, akaijenga upya kwa namna ambayo haijaonekana. Kiambaza, yaani ukuta wa udongo, alikifanya cha ngozi mbili, na katikati akashindilia nyasi kavu mpaka zikakataa kuingia. Madirisha akayapunguza. Mlangoni akatia ubao. Alipomaliza aliingia ndani, akakoka moto kidogo tu, akafunga.

Kumbe jirani alikuwa anapita. Akaona mlango umefungwa! Akatua jembe, akapiga yowe, na kabla uji wa Tusekile haujachemka nusu ya mji ilikuwa uani kwake na unga wa matanga, wanalia hadi kamasi zinawatoka. Tusekile akafungua mlango.

"Nani amekufa?" wakamuuliza.

"Mnaniuliza mimi? Ninyi ndio mnaolia."

"Mbona umefunga?"

"Nimefungia joto lisitoke. Ingieni muone wenyewe."

Hawakuingia. Waliona wamefanyiwa dhihaka, wakabeba unga wao wakarudi. Na mimi nawaelewa. Ukishatoa machozi yako kwa mtu mzima wa afya, huwezi kuyarudisha machoni.

Tusekile akaenda kwa Mwene Lusungu. Mwene ndivyo walivyomwita mtawala wao, na huyu Lusungu hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Tusekile akasema, "Mwene, nyumba yangu inakula mzigo mmoja kwa juma. Amuru nyumba zote zijengwe hivi."

Mwene akacheka, lakini kwa upole. "Mwanangu, unataka niwaamuru watu wawafungie wenzao nje? Kwa sababu gani? Kuni zipo."

Mwaka wa pili akaenda tena. "Kuni zipo." Mwaka wa tatu akaenda. "Kuni zipo." Miaka minane alikwenda, na miaka minane alijibiwa hivyohivyo, mpaka watoto wakawa wakimwona njiani wanamwimbia: kuni zipo, kuni zipo. Alikuwa akifika nyumbani anafunga mlango wake na kulia, na kwa kuwa ulikuwa umefungwa, hakuna aliyejua.

Mwaka wa tisa mambo yakabadilika, tena hayakubadilikia Ihanzila. Yalibadilikia ng'ambo. Chemchemi za Unyilo zilikauka. Mtawala wa huko alipanda kuutazama msitu wake, akakuta visiki vingi kuliko miti. Akashuka, akasimama penye daraja, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kuni itakayovuka mto.

Sasa namleta mtu wa pili. Huyu aliitwa Ngailo, mkuu wa wapagazi wa kuni. Mji mzima aliujua kwa mgongo wake, maana mgongo ndio uliokuwa ukipeleka mizigo nyumba kwa nyumba. Alijua nani anakula minne, nani anakula mitano, na alijua kwamba kwa Tusekile anatua mmoja tu. Mwene akamtuma Ngailo ng'ambo akabembeleze.

Ngailo alibembeleza siku tatu. Mtawala wa Unyilo akamwambia, "Kwa mji wenu sitoi hata kijiti. Lakini Mwene wenu ni shemeji yangu. Yeye peke yake nitampa mizigo kumi kila juma. Kampelekee habari hiyo."

Ngailo akashika njia. Alipofika katikati ya daraja alisimama, akawaza. Aliwaza hivi: moto wa Mwene ukiwaka, Mwene hatasikia baridi. Na asiposikia baridi, mwaka wa tisa atamjibu Tusekile kama alivyomjibu ule wa nane. Akafika mbele ya Mwene, akapiga magoti, akasema, "Wamekataa. Hawakutoa hata kijiti." Mizigo kumi hakuitaja.

Naona wengine mmekunja uso. Kunjueni kidogo, bado hatujafika.

Mwezi wa baridi ukaingia na kuni hakuna. Watu walichoma vigoda, wakachoma vinu, wakachoma ngoma za harusi. Mlango wazi, moto unafifia, baridi inaingia. Wazee watatu wa mji huo walikufa kwa baridi. Mmoja wao alikuwa mama yake Mwene Lusungu, bikizee aliyependwa na watu, ambaye hadi asubuhi ya mwisho aliendelea kuwauliza waliokuja kumwona kama wao wamekula. Mwene alimshika miguu akiipuliza kwa pumzi yake, na miguu haikupata moto.

Alipotoka matangani, Mwene hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Tusekile, akasimama nje ya ule ubao, hajui afanye nini maana hajawahi kukutana na mlango uliofungwa na wenyewe wazima. Mwishowe akaugonga kwa ngumi. Tusekile akafungua.

"Mwanangu," Mwene akasema, "nifundishe."

Ndivyo sheria ilivyozaliwa. Kila nyumba ya Ihanzila iwe na kiambaza cha ngozi mbili, na madirisha madogo, na ubao mlangoni, kabla ya baridi nyingine. Tusekile akawa mwalimu wa mji. Alizunguka na matope hadi kwenye nywele, akiwafokea watu washindilie nyasi vizuri, na waliomwimbia utotoni sasa walimbebea udongo. Kabla ya baridi, nyumba zote zilikuwa tayari.

Mwene akatangaza tena. Akainua fimbo ya mpingo ya ukoo wake, akasema, "Mtu atakayeliweka joto ndani ya nyumba za mji huu, nitampa fimbo hii. Na maisha yake yote, neno lake juu ya nyumba halitapingwa na yeyote, hata mimi." Watu wakamtazama Tusekile, wakajua fimbo imekwisha kupata mwenyewe.

Baridi ikaja. Nyumba ni nzuri, viambaza vinene, mbao zinang'aa. Na mbao zote ziko wazi! Hakuna aliyefunga. Nani afunge? Ukifunga unajiitia msiba. Mke alimwambia mume afunge, mume akamwambia mke, kila mmoja akaogopa kuwa yeye ndiye atakayemuua mwenzake kwa mkono wake. Mwene alifoka, na askari wake wakapita kuhimiza, na hao askari wenyewe kwao wameacha wazi. Tusekile aliwaeleza mpaka sauti ikakauka. Sheria ipo, nyumba zipo, joto linatoka nje.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu, na ninampenda sana huyu. Aliitwa Bibi Tulalumba. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha kilio katika kila msiba wa Ihanzila. Bila yeye msiba haukuwa msiba. Alimlilia mama yake Mwene, aliwalilia wachanga na wakongwe, na kila marehemu alimlilia kwa jina lake na sifa zake hata zile ambazo nduguze walizisahau. Nyumbani alikaa na mumewe, Mzee Mbedule, na watoto hawakujaliwa.

Asubuhi moja Bibi Tulalumba alifunga mlango wake. Mji ukatetemeka. Watu wakamiminika na unga, wakijua Mzee Mbedule ametutoka. Mlango ukafunguliwa, na mbele yao akasimama Mzee Mbedule mwenyewe, ana kikombe cha uji mkononi. Nyuma yake Bibi Tulalumba akasema, "Karibuni ndani. Wa mwisho afunge."

Wakasita. Bibi akawaambia, "Mimi ndiye ninayewalilia wafu wenu. Mlango na kifo navijua kuliko ninyi nyote. Nawaambia mlango uliofungwa si kifo tena. Kuanzia leo ni joto. Ingieni."

Wakaingia. Wa mwisho akafunga. Wakakaa, wakasikia joto likipanda kuanzia miguuni, jambo ambalo wengine wao hawakuwahi kulisikia tangu wazaliwe. Kufika jioni kila mlango wa Ihanzila ulikuwa umefungwa. Mwaka ule hakufa hata mzee mmoja kwa baridi, wala mwaka uliofuata. Mzigo mmoja wa mabua na mashina ya mahindi ulitosha nyumba kwa juma zima. Makaa yaliamka asubuhi bado yana moto, na desturi yao ya tangu zamani ya kwenda kuazima moto kwa jirani alfajiri ikafa yenyewe.

Hapa naomba mnivumilie, maana sehemu hii huwa inanisumbua kifuani.

Baridi ya tatu, Mzee Mbedule alifariki kwa uzee. Safari hii kweli. Bibi Tulalumba akafunga mlango, akakaa chini kando yake, akasubiri jirani. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na milango yote ya mji ilikuwa imefungwa. Alilia, yeye ambaye sauti yake ilikuwa ikivuka mabonde mawili, na zile nyasi zilizoshindiliwa ukutani zikaimeza sauti yote. Hakuja mtu kuazima moto, maana kila mtu alikuwa nao. Na yeye hakuvuka kizingiti, kwa sababu mila ya mlango aliivunja lakini ya kizingiti hakuivunja. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu Tusekile akaenda kuangalia ufa wa ukuta wa nyumba ile, ambao alikuwa amesikia habari zake, akafungua, akamkuta bibi amekaa, mkono wake umeshika mkono wa mumewe.

Bibi akamwambia maneno machache tu. "Mwanangu, umejenga vizuri."

Tusekile alimshika mkono, akamtoa nje.

Mwaka huohuo, mvua zilirudi Unyilo. Chemchemi zikajaa, msitu ukachipua, mtawala wa ng'ambo akafungua daraja. Kuni zikavuka, nyingi, kavu, nzuri, zikarundikwa sokoni. Na watu, mnawajua watu. Huyu akang'oa ubao wa mlango akaufanya meza. Yule akajenga nyumba ya mwanawe kwa ngozi moja ya kiambaza, akasema udongo unachosha. Watu wakasimama mbele ya Mwene: "Sheria hii ya nini tena? Kuni zipo."

Mwene alilitambua neno hilo, maana lilikuwa lake. Akajua kwamba akimwacha kila mtu ajifanyie, baada ya miaka michache milango yote itakuwa wazi, na siku Unyilo itakapokauka tena, wazee watakufa tena. Na fimbo hakuwa ameitoa. Akaitisha mji wote asubuhi, uwanjani, akasema, "Leo naitoa. Neno la mwenye fimbo juu ya nyumba ndilo litakalofuatwa. Anayesema ni yake, ajitokeze aseme kwa nini."

Tusekile akatoka. "Fimbo ni yangu. Kuni zilipokuwa nyingi nilisema, mkacheka. Zilipokwisha nikasema, mkasikia. Neno langu halikubadilika, kilichobadilika ni mto. Nyumba zote mlizolala jana usiku nimezifundisha mimi. Nikipewa fimbo, sheria itabaki hivyohivyo, kuni ziwepo zisiwepo, wala sitamwuliza mtu wa ng'ambo nijenge vipi."

Watu wakasema, "Kweli, ni yake."

Ngailo akatoka. Akapiga magoti, lakini hakuinamisha uso. "Fimbo ni yangu. Mwene wangu, ulipewa mizigo kumi kila juma, yako peke yako. Nikaificha."

Waliokuwa nyuma wakasogea mbele wasikie.

"Nilijua ukiota moto hutasikia. Miaka minane Tusekile alikuambia na ulikuwa na akili zako zote, hukusikia. Nikaona sheria itatoka siku ile baridi itakapoingia kwako kama inavyoingia kwetu. Sikujua kama itamchukua mama. Nilimbebea kuni mama yule miaka ishirini, na kila siku aliniuliza kama nimekula. Nimelia naye, na ninalia. Lakini tazama, baridi tatu zimepita bila kifo cha baridi. Nikipewa fimbo, daraja litavusha mzigo mmoja tu kwa kila nyumba, hata msitu ujae namna gani, na nyumba ya Mwene itakuwa ya kwanza kupimiwa. Nikipewa kamba badala ya fimbo, sawa. Ila sheria ibaki."

Hakuna aliyesema ni yake, wala hakuna aliyesema si yake.

Bibi Tulalumba akatoka wa mwisho, taratibu. "Mimi sikuja kuomba, lakini kwa kuwa wenzangu wamesema, nami nitasema. Fimbo ni yangu. Nyumba mlijengewa na amri mlipewa, na bado mkaacha wazi. Mimi ndiye niliyewafungia. Na nililipa. Niliwalilia wenu wote, na wangu nimemlilia peke yangu siku tatu ndani ya ukuta mzuri. Sitaki milango ing'olewe. Nimekaa na mzee wangu kwenye joto baridi tatu, na nisingezitoa kwa lolote. Lakini nikipewa fimbo, kila asubuhi, kabla mtu hajaonja uji, ataubisha mlango wa jirani yake mpaka aitikiwe. Na asiyefanya hivyo, nyumba yake itolewe ubao. Sheria yenu inajua kuni. Mtu haimjui."

Watu wakainamisha vichwa, na wengi walikuwa wanalia, kwa kuwa wengi walikuwa jirani zake.

Najua mnachotaka kuniambia. Waigawane. Tusekile ajenge, Ngailo apime, Bibi abishe hodi, yakaisha. Mwene naye alitamani hivyo. Lakini aliapa kwa fimbo moja na neno moja, mbele ya watu haohao ambao tayari walikuwa wanang'oa mbao, na neno likiwa na wenyewe watatu, kila anayetaka kulikwepa atakimbilia kwa yule atakayemlegezea.

Mwene akainuka, fimbo mkononi. Akamtazama Tusekile, akakumbuka alivyomchekea. Akamtazama Bibi Tulalumba, aliyemlilia mama yake vizuri kuliko yeye mwanawe. Akamtazama Ngailo, akaona miguu ya mama yake haipati moto, akaona na wazee wote wa Ihanzila walio hai pale uwanjani, wamejifunika, wanamsubiri aseme. Mkono uliinuka na fimbo, na midomo ilifunguka.

Mimi naishia hapo, kwa sababu kila nyumba ninayoisimulia huniambia jina tofauti, na wameshawahi kurushiana vigoda. Haya, semeni ninyi mliokaa kwenye joto. Msemeeni mwanamke aliyekuwa sahihi wakati hakuna aliyemsikiliza, au mtu aliyewafanya wasikilize kwa bei ile, au bibi aliyefunga mlango na kubaki nyuma yake. Lakini atakayemtaja Ngailo, amtaje huku akimtazama Mwene machoni.

Je, fimbo ile ilistahili kwenda mkononi mwa nani?